Mlima wa Ikweta na Ncha za Dunia



Wiki hii tunalipa deni. Katika likizo ya shule tulikwenda Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, kuwazuru wakwe zetu. Ni nchi ya miinuko na mabonde, mibuni imepandwa hadi ukingoni mwa mito, na asubuhi yake ina baridi ya kumfanya mtu wa pwani akumbuke blanketi aliloliacha Mombasa. Siku ya pili, baada ya swala ya alfajiri, mkwe wetu alituita uani. Mawingu yalikuwa yamefunguka upande wa kaskazini-mashariki, na Mlima Kenya umesimama wazi. Mzee alinyosha mkono kuelekea kileleni, akasema kwamba alipokuwa mtoto weupe wa barafu ulionekana kutoka uani hapo hapo bila ya taabu. Siku hizi humbidi akaze macho, na mara nyingi haoni kitu.

Katika msafara wetu alikuwamo mwana wa dada yetu, kijana msomi na mwepesi wa kusema. Alimjibu upesi: "Ncha za dunia huhama, Mzee. Zilihama zamani, barafu ikaja. Sasa zinahama tena, barafu inaondoka. Si kazi ya mwanadamu, wala hakuna la kufanya." Maneno hayo aliyapata kwenye video za simu.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kama hakuna la kufanya, miti hii tuliyoipanda ukingoni mwa mto, mimi na jirani zangu, tuliipandia nini?" Akatugeukia sisi: "Nyinyi mnaoandika magazeti, nijibuni."

Hatukuwa na jibu la kumpa pale. Kunyamaza kulikuwa bora kuliko kubahatisha, nasi tukaahidi kulitafuta. Jibu ndilo hili. Tumelieneza hapa kwa sababu twajua kwamba video zile zimefika katika nyumba nyingi za wasomaji wetu.

Barafu iliyoshuka hadi mabondeni

Tuanze na mlima wenyewe, maana yeye ndiye shahidi wetu mkuu. Kilele chake cha Batian kina urefu wa mita 5,199, nacho kiko kilomita 16 hivi tu kusini mwa mstari wa ikweta. Kuwako kwa barafu mahali kama hapo kuliwashinda wataalamu wa Ulaya kuamini. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona weupe wa Kilimanjaro. Kiongozi wake wa msafara aliutaja kwa neno moja tu: baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya akiwa Ukambani. Habari hizo zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikanusha kwa miaka mingi. Kwake yeye theluji haikuweza kukaa chini ya jua la ikweta. Mtu wa msafara wa pwani, ambaye hakuandika kitabu, alikuwa na ilimu iliyo sahihi zaidi kwa neno lake lile moja.

Mnamo mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliupanda mlima huo akaona jambo jingine la ajabu. Mbali chini ya barafu aliyoikuta, palikuwa na matuta marefu ya mawe na udongo, na miamba iliyosuguliwa ikawa laini na kuchorwa mistari. Alama hizo hufanywa na kitu kimoja tu: mto wa barafu, ambao hushuka polepole ukisukuma kifusi mbele yake, kisha ukiyeyuka hukiacha kama boma lililobomoka. Leo mabaki ya barafu yako juu ya mita 4,500. Matuta ya kale yanapatikana hadi kwenye mita 3,300 hivi na chini yake, katika mabonde kama lile la Teleki, mahali ambapo leo wapandaji mlima hupita katikati ya nyasi na lobelia. Kwa hiyo palikuwa na zama ambapo barafu ilishuka zaidi ya kilomita moja kwa wima kuliko ilivyo sasa.

Shahidi wa pili yuko upande wa Meru, kwenye ziwa dogo liitwalo Sacred Lake, lililoko mita 2,350 juu ya bahari katikati ya msitu. Mwaka 1967 mtaalamu wa Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alichapisha uchunguzi wake wa chavua za mimea zilizozikwa katika tope la ziwa hilo kwa maelfu ya miaka. Katika matabaka ya enzi ya barafu hakukuta chavua za msitu unaolizunguka ziwa leo, bali za mimea ya baridi ambayo siku hizi huota juu zaidi mlimani. Mlima wote ulikuwa umeteremsha mavazi yake karibu kilomita moja.

Basi kijana wetu hakukosea kusema kwamba hali ya hewa ilibadilika sana hapo kale. Swali ni moja: je, ilibadilika kwa sababu ncha za dunia zilihama?

Chenza na kijiti chake

Kabla ya kujibu, hatuna budi kutenganisha mambo manne ambayo video zile huyachanganya katika chungu kimoja. Mzazi anaweza kuwaonyesha watoto kwa chenza na kijiti. Choma kijiti katikati ya chenza, kitokee upande wa pili, kisha uzungushe. Kijiti ndicho mhimili wa dunia, na pale kinapotokea ndipo zilipo ncha.

La kwanza, waweza kukiinamisha kijiti pamoja na chenza lake. Hapo mwinamo umebadilika, lakini kijiti kinatokea pale pale kwenye ganda. La pili, waweza kukifanya kijiti kiyumbe, kama pia inayokaribia kuanguka. Hapo pia mahali pa kutokea hapabadiliki. La tatu, na hili ndilo kuhama kwa ncha hasa, waweza kulitelezesha ganda juu ya tunda, na kila mtu ajuaye chenza anajua jinsi ganda lake lilivyolegea. Hapo mahali palipokuwa nchani huondoka, na pengine huingia. La nne halihusu kijiti hata kidogo: ni ncha ya sumaku, ile inayovuta sindano ya dira. Hiyo kweli hukimbia, na katika miaka ya karibuni imewahi kwenda kilomita 50 hivi kwa mwaka. Lakini jua haliangazi kwa kufuata dira. Ncha ya sumaku ikihama, nahodha hurekebisha ramani yake, na mvua za masika hazina habari.

Wazo la ganda kuteleza lina mwenyewe. Ni Charles Hapgood, mwalimu wa historia katika jimbo la New Hampshire, Marekani, aliyelitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Albert Einstein alimwandikia dibaji kabla ya kufariki mwaka 1955, na hadi leo jina hilo hutajwa kama muhuri wa kufunga mjadala. Hapgood alisema kwamba katika enzi ya barafu Ncha ya Kaskazini ilikuwa kwenye Ghuba ya Hudson nchini Kanada, karibu na digrii 60 kaskazini, kisha ganda la dunia likateleza na Kanada ikaondoka nchani.

Tusilicheke wazo hilo. Ni kweli kwamba barafu kubwa sana iliifunika Kanada na kuizunguka ghuba hiyo hiyo. Ni kweli pia kwamba nchi zimewahi kupita nchani. Katika jangwa la Sahara, kusini mwa Algeria, ipo miamba iliyochorwa na barafu miaka milioni 440 hivi iliyopita, wakati bara letu la Afrika lilipokuwa kwenye Ncha ya Kusini. Lakini safari ile ya mabara ilichukua mamia ya mamilioni ya miaka. Barafu ya Mlima Kenya tunayoizungumzia ilikuwapo juzi tu kwa hesabu ya miamba: miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wanadamu kama sisi walikwisha kuenea katika nchi hizi.

Hesabu mbili za digrii

Sasa tumpime Hapgood kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya. Ncha ikiwa Ghuba ya Hudson, Mlima Kenya hauwi tena kwenye ikweta. Unasogea hadi digrii 15 hivi kusini. Je, huko ni mahali pa baridi? Wazee wetu wa majahazi wanapajua: ndiyo latitudo ya Kisiwa cha Msumbiji, chenye minazi, jua kali na joto la kutosha. Kusogea huko hakuwezi kuishusha barafu ya mlima kwa zaidi ya kilomita moja.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Ncha mbili za dunia hutazamana, ambapo moja ikihama nyingine huhama vile vile. Kwa hiyo upande mmoja wa dunia ukisogezwa nchani, upande mwingine hauna budi kusogezwa kwenye joto. Tukiipeleka Ncha ya Kaskazini Ghuba ya Hudson, kusini mwa Chile, ambako leo ni digrii 41 kusini, huja kuwa kwenye digrii 11 au 12 tu kutoka ikweta. Hiyo ni latitudo ya Ngazidja! Kama nadharia ni kweli, basi katika enzi ya barafu Chile ya kusini ingekuwa na hali ya hewa ya Moroni.

Lakini ushahidi wa ardhi umesema kinyume. Kandokando ya ziwa Llanquihue la Chile yapo matuta makubwa ya kifusi yaliyoachwa na mito ya barafu iliyoshuka kutoka milima ya Andes hadi tambarare, na barafu hiyo ilidumu huko hadi miaka 18,000 hivi iliyopita. Wakati Kanada ilikuwa chini ya barafu, Chile nayo ilikuwa na barafu yake, na Afrika Mashariki vile vile. Katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, watafiti walipima umri wa matuta kwa njia ya beriliamu, ambayo hujikusanya katika jiwe tangu siku lilipoachwa wazi chini ya anga. Matokeo yao ya mwaka 2014 yaliyapa matuta hayo umri wa miaka 25,000 na 20,000 hivi. Matuta ya Kilimanjaro nayo yamepimwa kwa njia ya namna hiyo, na kati yake yapo ya miaka 20,000. Tope la Ziwa Tanganyika laonyesha kwamba zama hizo maji yake yalikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi 4 hivi.

Hapa ndipo mashahidi wanapokubaliana. Kuhama kwa ncha ni kama mizani: pakishuka huku, hupanda kule. Enzi ya barafu haikuwa hivyo. Dunia nzima ilipoa pamoja, kaskazini, kusini, na hapa katikati kwenye ikweta. Mlima wetu, kwa kusimama kwake katikati, ni miongoni mwa mashahidi wazuri kuliko wote, kwa kuwa ikweta haina ncha ya karibu ya kusingiziwa.

Je, kibla kimehama?

Tuliporudi Mombasa na kulieleza jambo hili barazani, mama mmoja aliuliza swali zuri: kama ncha husogea hata kidogo, kibla chetu kiko salama?

Ncha husogea kweli, nasi tuna vipimo. Mwaka 1891 Mmarekani Seth Chandler aligundua kwamba mhimili huzunguka katika duara dogo la mita chache kwa muda wa siku 433 hivi. Juu ya hayo, katika karne ya 20 ncha ilisogea polepole kuelekea upande wa Kanada, kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kuhama digrii 10 tu, yaani kilomita 1,110, kungechukua zaidi ya miaka milioni 11. Enzi za barafu zimekuja na kuondoka mara nyingi ndani ya miaka milioni moja.

Chukua msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao maandishi ya mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladi. Hata tukikadiria kwamba ncha imesogea sentimita 10 kila mwaka tangu wakati huo, jumla yake ni kama mita 90. Mkengeuko wa kibla kwa hesabu hiyo haufiki unene wa unywele katika kila mita ya mihrabu. Waliokijenga kibla kile kwa kuelekea kaskazini wangekuja leo, wangejenga pale pale.

Kilichobadilika ni nini basi?

Kilichobadilika ni lile jambo la kwanza la chenza, mwinamo wa kijiti, pamoja na la pili, kuyumba kwake. Na katika ilimu ya mwinamo wataalamu wa Kiislamu walitangulia. Mwaka 994 Abu Mahmud al-Khujandi alijenga chombo kikubwa mno cha kupimia jua katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, akapata mwinamo wa digrii 23 na dakika 32. Akailinganisha namba yake na zile za Wahindi na za Ptolemy, ambazo zilikuwa kubwa zaidi, akasema kwamba mwinamo unapungua. Alikuwa sahihi. Abu Rayhan al-Biruni, aliyeishi zama hizo, aliijadili kazi hiyo kwa makini na hakukubali kila namba bila ya kuihoji.

Leo twajua kwamba mwinamo hupanda na kushuka kati ya digrii 22.1 na 24.5 kwa mzunguko wa miaka 41,000 hivi. Mhimili nao huyumba kama pia kwa zaidi ya miaka 20,000, na njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika umbo kwa miaka 100,000 hivi. Mskoti James Croll, aliyejifunza mwenyewe huku akifanya kazi ya uangalizi wa jengo la chuo mjini Glasgow, aliifungua njia hiyo ya fikra katika karne ya 19. Mserbia Milutin Milanković akaikamilisha kwa hesabu za miaka mingi. Maelezo yake ni haya: majira ya joto ya kaskazini yakiwa hafifu, theluji ya mwaka huu haiishi kabla ya ile ya mwaka ujao, nayo hulimbikizana. Mwaka 1976 watafiti Hays, Imbrie na Shackleton walilisoma tope la chini ya Bahari ya Hindi ya kusini, wakaikuta mizunguko hiyo imeandikwa humo.

Lakini mwinamo peke yake hugawa joto upya. Haulipunguzi kwa dunia nzima. Kilichoipoza ikweta pamoja na ncha ni hewa. Mapovu yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika, ambayo yamehifadhi kumbukumbu ya miaka 800,000, yaonyesha kwamba katika enzi ya barafu hewa ya ukaa ilipungua hadi sehemu 180 au 190 katika kila milioni, na katika zama za joto ikarudi karibu 280. Jua lilianzisha, bahari zikaivuta hewa hiyo, na blanketi la dunia nzima likawa jepesi.

Sisi wa pwani tunaishi juu ya alama za zama hizo bila ya kujua. Maji mengi yalipofungwa katika barafu, bahari ilishuka kwa mita 120 hivi. Unguja iliungana na bara, na mtu angeweza kufika Bagamoyo kwa miguu. Mito ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi ilichimba mabonde marefu kuifuata bahari iliyokimbia, na ilipopanda tena ikayajaza. Ndiyo hori zetu, na ndiyo bandari ya Kilindini. Ngome ya Yesu nayo imesimama juu ya mwamba wa matumbawe uliokua zamani, bahari ilipokuwa juu kuliko leo.

Jibu letu kwa Mzee

Sasa tunarudi uani Mukurweini. Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18 hivi. Mingi imetoweka. Ule uitwao Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza asilimia 90 hivi ya barafu yake kati ya mwaka 1934 na 2010. Macho yako, Mzee, hayakukudanganya.

Na mizunguko ya mhimili haina haraka ya namna hiyo. Kipimo cha mwinamo hushuka kwa chini ya dakika moja ya digrii katika karne nzima. Kilichokwenda mbio ni hewa ya ukaa, ambayo sasa imepita sehemu 420 katika kila milioni, kwa sababu ya makaa, mafuta na misitu iliyochomwa. Blanketi lile lile lililokuwa jepesi zamani sasa limeongezwa unene, tena na sisi wanadamu.

Lipo jambo moja tungependa kijana wetu alizingatie kuliko yote. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba mwendo wa ncha uligeuka kuelekea mashariki mwanzoni mwa karne hii, kwa sababu barafu ya Greenland na kwingineko inayeyuka na uzito wake kuhamia baharini. Utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kati ya 1993 na 2010 wanadamu walivuta tani bilioni 2,150 za maji kutoka chini ya ardhi, na kuhama kwa maji hayo peke yake kuliisogeza ncha karibu sentimita 80. Basi habari aliyoisikia imegeuzwa kichwa chini. Si ncha inayoiondoa barafu. Ni barafu inayoyeyuka, na maji tunayoyavuta, ndivyo vinavyoisukuma ncha.

Ama kuhusu miti ya ukingoni, tuseme ukweli wake kamili. Miti hiyo haitairudisha barafu ya Batian. Wala barafu hiyo siyo iliyokuwa ikiijaza mito; ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo. Maji ya mito ya Nyeri hutokana zaidi na mvua inayoangukia misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambayo udongo wenye mizizi huishika na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo kazi ya miti yako na ya jirani zako. Maji hayo huingia Mto Tana, yakapita Garissa, Hola na Garsen, yakatokea baharini karibu na Kipini. Yule anayelima mpunga kwenye delta, na mvuvi anayetega wavu mdomoni mwa mto, wote wamo katika hesabu ya ukingo wako.

Nakala ya makala haya tumeikunja na kuikabidhi kwa kijana wetu mwenyewe. Ameomba aipeleke Mukurweini kwa mkono wake wiki ijayo, amsomee Mzee, kisha washuke wote wawili hadi mtoni. Tumemfungia na machenza mawili.